Mwalimu, Kitabu cha Amerika na Benchi la Nyuma

Katika kanisa letu la Kalemie, sauti nzito kuliko zote haikutoka kwenye kwaya. Ilitoka benchi la nyuma, karibu na mlango, wanapokaa akina mama wenye watoto wanaolia pamoja na watu waliowekwa nje ya Meza ya Bwana. Mgeni aliyefika mara ya kwanza aligeuka kutazama. Alimwona mwanaume mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, akiimba besi bila kushika kitabu. Sisi wenyeji hatukugeuka. Tulijua ni Mwalimu.

Nilimfahamu tangu nikiwa msichana wa shule hadi nilipopata wajukuu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mimi ndiye niliyeosha vikombe vya Meza na kukifua kitambaa cha Meza hiyo. Kwa hiyo ninaandika jambo nililoliona kwa macho yangu. Kila Jumapili ya Meza, sahani ya mkate ilifika benchi lile, na Mwalimu alikunja mikono juu ya magoti akaiacha ipite. Hakuwa ameikataa. Alikuwa amekatazwa. Na aliitamani: nilijua kwa sababu ni wakati huo tu, sahani ikipita, ambapo aliacha kuimba.

Jina lake silifichi kwa heshima peke yake. Wengi wetu hatukulijua. Nchi ilipoitwa Zaire na kila mtu akaamriwa kuacha jina la ubatizo, yeye alichagua jina la babu yake, la Kitabwa, refu kama sentensi nzima. Karani wa biro ya serikali alijaribu kuliandika, akafuta, akajaribu tena, kisha akasema, "Sitwayen," yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana, "punguza." Akamjibu, "Babu yangu hakupunguza." Kadi ilitoka na nusu ya jina, na ile nusu hakuiitikia hata siku moja. Akabaki Mwalimu, kwa wakubwa na kwa wadogo.

Alifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari iliyokuwa kilimani, ambako madirisha yaliangalia ziwa, bandari na reli. Alikuwa mkali kwa namna yake. Hakumpiga mtu. Aliyekosea kitenzi alipewa ufagio, akafagia darasa huku akikitaja kitenzi hicho katika nyakati zake zote, kwa sauti, mpaka mlangoni. Darasa letu lilikuwa safi kuliko yote. Hakupenda uvivu wa maneno. Ukisema "ile kitu", alinyamaza akingoja ukipe kitu jina lake, hata barabarani. Mama yangu, aliyeuza mihogo, alimwogopa. "Ule Mwalimu," alisema, "ukimwambia 'nipe ile', anakutazama mpaka unasahau uko unataka nini."

Pamoja na ukali huo wa Kifaransa, alipenda Kiswahili chetu cha ziwani kuliko mwalimu yeyote niliyemjua. Wenzake walikiona ni cha sokoni. Yeye alikaa bandarini jioni akiwasikiliza wachuuzi waliotoka Kigoma na wavuvi waliotoka kaskazini ya ziwa, akirudi nyumbani na maneno mapya kama mtu anayerudi na samaki. Ziwa lenyewe aliliogopa. Sikupata kumwona ndani ya mtumbwi. Alisema Mungu alimpa miguu, na miguu ile haijui kuogelea.

Kitabu kilichomletea taabu aliachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyeondoka kwa haraka wakati wa fujo za uhuru. Kilikuwa riwaya ya Amerika iliyotafsiriwa kwa Kifaransa, na Mwalimu alituambia kwamba huko kwao kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vyao vikubwa. Jalada lilikuwa limetoka. Kilisimulia habari za kijana wa mji mdogo, mji wenye kinu cha unga, mto na makanisa mawili. Kijana huyo alikua akiwaheshimu wakubwa wote wa mji. Halafu, mmoja baada ya mwingine, akawaona walivyo. Mwishoni alipanda lori la nafaka akaondoka.

Nakala ilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi, kwa hiyo Mwalimu alitusomea kila Jumamosi, saa ya mwisho. Alishika kitabu mkono wa kushoto, akaipitia sentensi kwa macho, kisha akaitoa kwa Kiswahili. Wala hakuitoa kama ilivyokuwa. Mto wa kule ukawa Lukuga. Lori la nafaka likawa treni ya Kabalo. Theluji ilimshinda. Alisimama kidogo, akasema, "Ilinyesha mvua nyeupe, na watu hawakuikimbia." Kwa miaka mingi niliamini kwamba hapo kitabu kilikuwa kinasema mambo ya roho.

Ikaja sura ya shemasi. Katika kitabu, mtu ambaye kijana alimpenda kuliko wote alikuwa shemasi mmoja muuza unga, mwenye sala nzuri. Siku moja kijana aligundua kwamba mzani wa shemasi una uzito wa uongo. Sisi watoto wa Kalemie mzani wa namna ile hatukuwa tumeuona. Mwalimu akasema kwamba shemasi yule aliuza ndakala, yaani dagaa wa ziwa letu, na kwamba kopo lake la kupimia lilikuwa limegongwa kitako kikaingia ndani.

Kanisani kwetu alikuwako shemasi aliyeuza ndakala karibu na bandari. Alikuwa na sala ndefu na nzuri, nasema kweli, mpaka watu walilia. Na kopo lake kila mama wa Kalemie alilijua. Binti yake alikaa benchi la mbele katika darasa letu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mwalimu kama alikusudia. Akajibu, "Nilitafuta kitu ambacho watoto wanakijua."

Siku ileile likaja neno. Katika kitabu kulikuwa na neno la Kifaransa linaloeleza hali ya kijana baada ya kugundua mambo ya shemasi, na Mwalimu hakuridhika na Kiswahili chake. Akatuuliza sisi. Mmoja akasema, "Amekata tamaa." Mwalimu akakataa: "Yuko anatembea, anakula, kesho anaenda kazini. Hajakata tamaa." Mwingine akasema, "Amevunjika moyo." Akakataa tena: "Moyo muzima. Kitu kingine njo kimevunjika." Ndipo kijana mmoja wa familia ya wavuvi wa kaskazini akasema kutoka nyuma, "Macho yake imefunguka." Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: KUFUNGUKA MACHO.

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa jambo hapa. Kwetu wakati ule, msichana akisemwa kwamba amefunguka macho, maana yake amejua wanaume, na mama yake haoni usingizi. Na kanisani, macho yaliyofunguka ni ya wale wawili wa bustanini baada ya kula tunda. Binti wa shemasi alikwenda nyumbani, akaulizwa mezani kama ilivyo desturi, "Leo mumesoma nini?" Naye, mtoto mwema, akajibu, "Papa, leo Mwalimu ametufundisha kufunguka macho."

Wazee wa kanisa walimwita. Paa la kanisa lilikuwa linatengenezwa, kwa hiyo walikutana uani kwetu, maana baba yangu alikuwa mmoja wao. Nilipeleka viti na chai, kisha nikabaki nyuma ya ukuta wa jiko. Hakuna aliyenifukuza.

"Mwalimu," mwenyekiti alianza, "tumesikia uko unafundisha batoto kufunguka macho."

"Ndiyo, wazee. Njo kazi ya mwalimu."

Nilimsikia baba yangu akikohoa. Alikuwa na kikohozi cha namna hiyo kila alipotaka kucheka.

"Hatuko kwa mchezo. Wa kwanza kufunguka macho walijikuta uchi."

"Wazee wangu, walikuwa uchi tangu mwanzo. Walikuwa hawajajua tu."

Ndipo Papa Shemasi, yule wetu muuza ndakala, akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya sala, "Na ile kopo? Iko ya nani?"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja kopo. Wazee walitazama vikombe vyao vya chai. Mwalimu alijibu taratibu, "Katika kitabu ni mzani wa unga, Papa. Wa Amerika."

"Sasa kama ni mzani wa Amerika, hapa imekuwaje kopo?"

"Batoto hawajui ule mzani."

"Na kopo wanaijua?"

Mwalimu hakujibu. Mpaka leo nalihesabu kimya kile kuwa jambo la heshima. Angeweza kusema ndiyo, na uani pale kila mtu angejua ni kweli.

Mwenyekiti akasema kopo si kesi, kesi ni neno. Mwalimu aliondoe mbele ya kanisa. Mwalimu akasema yuko tayari kabisa. "Nipeni lingine, wazee. Mukinipa neno linalosema vilevile, Jumapili nasimama naliondoa hili." Basi watu wazima wale, wavuvi na wakulima na karani mmoja wa reli, wakakaa kutafuta neno. Mmoja akasema "kuchoka". Mwingine akaleta neno la Kiholoholo, wakabishana maana yake, wakaliacha. Karani wa reli akasema Kifaransa kinatosha, akaambiwa anyamaze. Chai ikapoa, na neno halikupatikana. Kwa sababu hawakulipata, wakakata shauri: Mwalimu akae nje ya Meza ya Bwana mpaka atakapoliondoa lile.

Alisimama, akawashika mikono wote, hata Papa Shemasi, akaenda.

Mimi nilikasirika kwa hasira ya ujana. Jumatatu nilimfuata barabarani baada ya shule, nikamwambia sirudi kanisani, na nikimaliza masomo nitaondoka Kalemie kama yule kijana wa kitabu.

"Utaenda wapi?" akauliza.

"Popote. Kabalo."

"Kule nako iko shemasi."

"Basi mbali zaidi."

"Kule wako wawili." Alitembea kidogo, kisha akasema, "Jumapili nitakuwa benchi la nyuma. Nisipokuona nitajua uko Kabalo."

Nilikwenda Jumapili hiyo ili asinikose tu. Mungu hutumia njia ndogo. Nimeendelea kwenda hadi nimezeeka, na sijajuta.

Watu walidhani aliyeaibishwa hivyo atachukia. Hapa ndipo sikumwelewa kwa muda mrefu. Mwalimu aliendelea kununua ndakala kwa Papa Shemasi, katika kopo lilelile. Alikuwa akinunua hapo kabla ya kesi, akanunua hapo baada ya kesi. Walisalimiana. "Habari ya nyumba, Mwalimu?" "Nzuri, Papa. Wewe?" Kopo likajazwa, likamiminwa. Jirani mmoja, mama mwenye maneno, alimsimamisha kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mwalimu, na akili yote ile, bado uko unaibiwa?" Akamjibu, "Mama, kipimo cha huyu nakijua. Cha wengine sijui." Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Papa Shemasi naye alisikia. Kopo hakulibadilisha, ila nilimwona mara nyingi, akimpimia Mwalimu, anaongeza kiganja kimoja juu bila kumtazama usoni.

Kitabu hakukiacha. Chama tawala kilipoingia shuleni, na wanafunzi wakawa wanaimba na kucheza asubuhi kwa ajili ya Rais, alitumwa mjumbe mmoja wa chama aje kusikia ni kitabu gani cha kigeni kinasomwa. Aliketi nyuma ya darasa, amevaa abakosi, lile koti la chama lisilo na tai, kofia juu ya goti. Mwalimu, ambaye hakupenda uongo, alisema, "Sitwayen, ni kitabu kinachoonyesha jinsi wakubwa wa mji wa Amerika wanavyoharibika." Mjumbe alipendezwa. Akasema hicho ni kitu kizuri watoto wajue. Akasikiliza mpaka kengele. Jumamosi iliyofuata akarudi, bila kutumwa, akakaa palepale. Na alipohamishiwa Moba katikati ya kitabu, alipita nyumbani kwa Mwalimu asubuhi ya safari kuuliza, "Na ule kijana, mwisho anaenda ao anabaki?"

"Anaenda," Mwalimu akamwambia.

"Anarudi?"

"Kitabu hakisemi."

Mjumbe alisikitika, akapanda meli.

Mwalimu mwenyewe hakuupenda mwisho ule. Alisema mwandishi alichoka. Alisema mtu akishawaona watu walivyo, hapo ndipo kitabu kilipaswa kuanza.

Kisha, kabla sijamaliza masomo, somo la dini likaondolewa shuleni, siasa ikawekwa mahali pake, na sala ya asubuhi ikakatazwa. Walimu walioshiriki Meza walitii, nami siwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Aliyekuwa nje ya Meza aliingia darasani, akatwambia tusimame, tufumbe macho, tunyamaze, "tukumbuke sarufi." Tukanyamaza kiasi cha Baba Yetu moja, ikisemwa taratibu. Prefe, mkuu wa shule, alipita dirishani.

"Mko munafanya nini?"

"Tunakumbuka sarufi, Sitwayen Prefe."

Prefe naye alikuwa mtoto wa katekista. Alitazama darasa lote limefumba macho, midomo inatikisika. "Mukumbuke muzuri," akasema, akaenda zake.

Mwalimu aliusema vibaya mji wetu kuliko mtu yeyote. Kwamba treni zinafika Kalemie zikiwa zimechoka, ndiyo maana zinalala siku nyingi. Kwamba upepo wa ziwa unachukua akili za watu na kuzipeleka Kigoma. Lakini alipopewa nafasi ya kufundisha Lubumbashi, katika shule kubwa, alikataa. Nilikuwa nimeolewa wakati huo, nikamwendea na mume wangu kumshawishi. Tulimwambia kule hakuna anayemjua, ataingia kanisa lolote, atapewa Meza, yaishe.

"Hapo njo shida," akasema. "Watanipa bila kujua. Nitakuwa nimeiba."

"Mwalimu, wewe hujafanya kosa."

"Basi wanipe hapa, wakijua."

Mume wangu aliniambia njiani kwamba yule ni mtu mgumu. Nilikubali. Sikuwa nimeona bado kwamba ugumu ule ulikuwa wa mtu anayependa kitu, asiyetaka kukipata kwa mlango wa nyuma.

Kila mwaka, kabla ya Pasaka, wazee walimtuma mtu. Ikawa kama desturi ya kanisa. Mjumbe alifika, akakaribishwa, akapewa chai.

"Mwalimu, umeondoa neno?"

"Mumepata lingine?"

"Bado."

"Basi tunywe chai."

Baba yangu alitumwa mara kadhaa na alirudi kila mara amechangamka. Nadhani alikuwa anaomba kutumwa. Mwaka mmoja alirudi amenyamaza. Mama alipomuuliza, alisema kwamba Mwalimu alimshika mkono mlangoni, akamuuliza mkate wa Meza siku hizi unaokwa na nani, kwa sababu harufu yake inafika mpaka nyuma. Baba alitaka kuzungumza na wazee, na alizungumza, lakini Papa Shemasi alikuwa hai, na hakuna aliyependa kufungua kesi ya neno wakati kila mtu alijua ni kesi ya kopo.

Papa Shemasi alikufa bila kusema lolote juu ya jambo hilo. Mazishini watu walisema mengi, kama inavyokuwa. Mtu mmoja, sijui kwa wema au kwa uchokozi, akamwomba Mwalimu naye aseme. Alisogea mbele. Binti wa marehemu, mwenzangu wa darasani, aliinamisha kichwa. Mwalimu akasema, "Alikuwa na sala nzuri. Nilizisikia zote." Akarudi nyuma. Wimbo ulipoanza, besi yake ndiyo iliyotubeba mpaka kaburi likafukiwa. Yule binti alimfuata baadaye, akamshika mikono miwili, wakasimama hivyo.

Miaka ilipita namna hiyo. Wazee wa uani walikufa mmoja mmoja, baba yangu miongoni mwao. Walimu wa serikali waliacha kulipwa, shule ikaendeshwa na minerval, yaani karo ya wazazi, madirisha yaliyoangalia ziwa yakaibwa vioo. Mwalimu alifundisha mpaka mguu wake wa kushoto ulipovimba ukakataa kilima. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, benchi la nyuma likawa tupu. Wageni hawakugeuka tena, na sisi wenyeji tuligeuka.

Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya Zaire. Tulikuwa na mchungaji kijana, aliyetoka Moba, asiyejua mambo yetu. Siku tunapanga ziara za wagonjwa baada ya ibada ya Meza, aliniuliza, "Mama, huyu mwalimu muzee mbona hapelekewi?"

"Yuko nje ya Meza, Mchungaji."

"Kwa kosa gani?"

"Neno."

Nilimsimulia. Alisikiliza, akashika kichwa. Kisha akasema, "Mpelekee, Mama. Lakini umuulize kwanza kama ataliondoa lile neno. Kanisa lipate amani." Nilikubali. Nilifunga mkate katika kitambaa, nikaweka divai kidogo katika chupa, nikapanda njia ya juu ya mto Lubuye, nikiitengeneza sentensi ya kumuuliza. Kwa mtu yule sentensi ilibidi iwe nzuri.

"Hodi."

"Karibu. Ingia, binti." Ndivyo alivyoniita hadi mwisho, mimi mwenye wajukuu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu juu ya gogo, amevaa fulana tu. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Nilimwuliza hali ya mguu, akasema unaendelea na mambo yake. Akatazama kitambaa mikononi mwangu. Harufu ya mkate ilikuwa imejaa chumba.

"Umekuja kuuliza," akasema.

"Nimetumwa kuuliza."

"Uliza basi."

Nilikaa kwenye mkeka. Sentensi niliyoitengeneza njia nzima haikutoka. Nikasema, "Mwalimu, waliokuweka nyuma wamekufa wote. Baba amekufa, Papa Shemasi amekufa. Hata nikikuuliza, jibu nitampelekea nani? Niko mimi tu, na mkate."

Nje watoto walikuwa wanashuka na ndoo.

"Nikikula leo, watasema nimetubu."

"Watasema."

"Na nitakuwa nimetubu nini?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi kila nikikula natubu vitu vingi. Vingine sivijui hata jina."

Nilitegemea anisahihishe. Alicheka kidogo.

"Makanisa ni mengi Kalemie," akasema. "Unajua kwa nini sikuhama?"

"Nilifikiri ni kiburi."

"Kilikuwako. Mwanzo kilikuwa kingi. Halafu kikaisha, nikabaki nimekaa tu." Alishusha mguu chini taratibu, akisaidia kwa mikono. "Wale wazee niliwajua, binti. Baba yako naye. Niliwajua kabisa, hakuna kilichobaki cha kunishangaza. Na kila Jumapili nilitazama migongo yao wote, nikaona kwamba nawapenda. Ule kijana wa Amerika hakufika hapo. Aliondoka mapema. Hilo njo nilitaka kuwaambia wazee, lakini waliniuliza neno tu."

Nikaanza kufungua kitambaa. Akanyosha mkono kunizuia.

"Ngoja. Siwezi na fulana."

Shati jeupe lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilimsaidia kuingiza mikono. Vifungo alitaka kuvifunga mwenyewe, vyote, mpaka cha shingoni, na vidole vyake vilikuwa vizito, kwa hiyo nilingoja. Nimengoja mambo mengi maishani mwangu. Hakuna nililolingoja kwa furaha kama vifungo vile.

Nikasoma maneno ya Meza, nikaomba. Nikamnyoshea kipande. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, hakukila.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nimekula kanisani asubuhi."

"Mimi sikuwako."

"Mwalimu, hicho ni chako."

"Meza ya mtu mmoja sijapata kuiona," akasema. Akakivunja kile kipande katikati, akaninyoshea nusu.

Kwa utaratibu wetu anayetoa mkate ni mchungaji, au mzee aliyewekewa mikono, na mimi mwenyewe kuubeba mpaka pale nilikuwa nimeruhusiwa tu. Mtu aliyekuwa nje ya Meza dakika chache kabla, hapana. Nilijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote aliyebaki hai katika kanisa lile. Mkono wake ulikuwa umenyoshwa, na uso wake ulikuwa unangoja.

Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikafungua viganja, nikapokea kwake, tukala.